Kidole cha Marehemu

Barazani kwa fundi cherehani, Kariakoo, Theopista ndiye aliyewasomea wenzake vitabu, kisha kila mmoja akatoa lake. Mwandishi akialikwa, hafungui mdomo mpaka wote wamalize.

Alasiri ile mwandishi alikaa mbele yao, suti imenyooka, akisikiliza habari za maisha yake. Hakumtambua msomaji aliyejitanda kanga mpaka usoni. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita, na bwana yule alikuwa ameshughulika kujisikiliza.

“‘Mke wangu wa kwanza alikufa kwa homa,’” Theopista alisoma. “‘Nilimzika kwa mikono yangu. Sitasahau kidole chake cha shahada, kilichopinda tangu kuzaliwa.’”

Wanawake wakafuta machozi.

“Mume kama huyu anapatikana wapi?” mmoja akasema.

“Na wewe, msomaji, unasemaje?” fundi akauliza.

Theopista akaishusha kanga mabegani. Kidole chake kilikuwa bado juu ya mstari ule, kimepinda kama ndoana.

Mwandishi akataka kuinuka.

“Kaa chini, bwana. Zamu yako haijafika,” Theopista akamwambia. “Kwanza niwasimulie wenzangu nani alikivunja.”