Mafiga Katikati ya Tuta

Majirani waliokuja kumpa pole Bi Sikudhani walimkuta anachekecha majivu ya jiko lake la makuti, lililoungua juzi. Aliyachanganya na samadi ya mbuzi, akaanza kulima palepale lilipokuwa jiko.

"Shoga, si upumzike kwanza?" alisema Mwanaiba, akitua sufuria ya wali.

"Majivu yote haya, niyaache yapeperuke?"

Mwanaiba akajifunga kanga kiunoni.

"Haya, tunapanda nini?"

"Mchicha, huo unawahi. Bamia kule ukingoni."

Walilima mpaka wakayafikia mafiga matatu, meusi tititi. Mwanaiba akainama ayang'oe.

"Hayo yaache."

Bi Sikudhani akamwaga mbegu kuyazunguka, akiacha upande mmoja wazi, nafasi ya mtu kuketi na kuchochea moto.