Kiti cha Mama Uwanjani

Siku hizi marehemu hanyang'anywi kiti chake cha uwanjani. Kinabaki kuongea kwa sauti yake. Basi tangu mama afariki, kila Jumamosi naenda besiboli naye, nakaa ubavuni mwake na karanga zetu.

"We mpigaji, unapiga mpira au unafukuza nzi?" anafoka, na viti vyote vinaangua kicheko. Uwanja unafurika kelele, ila wenye miguu tuko sita tu.

Leo nikajikaza nikamwambia, "Mama, nyumbani kumekuwa kimya mno."

Kama vile hakunisikia, akakinong'onezea kiti cha jirani, "Shoga, Tunu wangu alikuwa hakosi mechi. Mwaka wa pili huu haji, sijui kapatwa na nini."

"Mama, nipo hapa."

Kiti cha jirani kikampa pole.