Gari Jekundu la Mwanza

Swali la kwanza ambalo Hafsa alitaka muuzaji aulizwe halikuhusu injini wala matairi.

"Muulize kama ana gari jingine," alisema.

Godfrey, dalali wa magari pale Korogwe mjini, alimtazama mama huyu wa miaka hamsini na tisa mwenye mashine ya kusaga Kilole, kisha akaitazama tena picha kwenye simu. Gari la spoti, jekundu, milango miwili, tumbo karibu liguse lami. Lilikuwa Mwanza. Mwenyewe alikuwa amelitangaza mtandaoni siku tatu tu zilizopita, na Hafsa ndiye aliyemletea Godfrey tangazo hilo.

Godfrey akapiga simu. Muuzaji akajibu kwamba hana jingine, ni hilo hilo tu. Hafsa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitaka.

Dalali alijaribu kumfanyia uungwana. Akamweleza kwamba gari kama lile likiingia vijiji vya Handeni wakati wa mvua litabaki huko huko, na kwamba kununua kitu kilichoko Mwanza kwa kutazama picha ni kujitafutia presha. Angalau atumwe fundi akalikague. Akamuuliza pia, kwa adabu, kama anajua kuendesha. Hafsa akasema hajui, na wala hana mpango wa kujifunza.

Alikuwa na masharti mawili. Mkataba uandikwe kwa jina la Godfrey, na muuzaji aambiwe kwamba mnunuzi ni mtu wa Moshi. Godfrey hakuuliza sababu. Kilole watu wana maneno, na mjane anayenunua gari la namna ile lazima ajifiche kidogo.

Maneno yalikuja hata hivyo. Yalianza siku Hafsa alipomuuzia Mzee Mdoe shamba lake la michungwa kule Kwaluguru. Yusta, jirani aliyekuwa akikaanga maandazi mbele ya ile mashine ya kusaga, akaunganisha mambo: mama siku hizi anashinda kwenye simu, kauza shamba, na sasa dalali wa magari haishi kuingia na kutoka. Akaamua kwamba kuna kijana. Kufikia Ijumaa kijana huyo alikuwa ameshapewa kazi, kabila na hata urefu. Hafsa aliyasikia yote, akaendelea kusaga mahindi ya watu.

Kilichomuuma ni shamba. Michungwa ile aliipanda na marehemu mumewe, yeye akichimba mashimo na mumewe akibeba maji. Siku ya kulikabidhi alipita mti kwa mti, halafu akakaa kwenye kisiki na kushindwa kuinuka mpaka Mzee Mdoe alipompa mkono. Mzee akamwambia kwamba bado anaweza kubadili mawazo. Akasema hapana, na akaondoka bila kugeuka nyuma.

Aliliuza kwa sababu ya video moja iliyotumwa kwenye simu ya Godfrey. Muuzaji, kwa kutaka kumpandisha mzuka mteja wake wa Moshi, alikuwa amejirekodi akiendesha, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika simu. Mshale wa mwendo ulivuka mia na sitini, ukavuka mia na themanini, na nyuma yake sauti yake ikisikika ikicheka. Godfrey alipoiona alicheka pia. Hafsa aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama mpaka mwisho.

"Mwambie nimekubali bei yake," alisema. "Asipunguze chochote. Ila gari asiliendeshe tena kuanzia leo, sasa hivi ni mali ya mtu."

Godfrey alikuwa hajawahi kupata mteja wa namna hiyo. Fedha za shamba zilipoingia tu, akampandisha dereva wake, Kaleb, kwenye basi la Mwanza.

Gari lilifika Jumatano saa nne asubuhi. Mtaa mzima ulitoka. Yusta aliyaacha maandazi kwenye mafuta mpaka yakaungua. Kaleb alishuka taratibu, kama asiyetaka safari iishe, akasema kila kituo cha mafuta alichosimama watu walimsalimia kama mbunge.

Hafsa hakuingia ndani ya gari. Hakugusa hata mlango. Alilizunguka mara moja, akamuuliza Kaleb kama yule muuzaji amebaki na ufunguo wa akiba. Kaleb akamkabidhi funguo zote mbili, naye akazifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akamwita fundi Benedicto, aliyekuwa ameshafika na jeki yake, akamwambia ang'oe matairi yote manne na aliegeshe gari juu ya mawe, nyuma ya mashine.

 Yusta ndiye aliyeuliza, kwa niaba ya wote, sasa huyo kijana atapanda nini.

"Atatembea kwa miguu," Hafsa akamjibu. "Atazoea."

Mchana huo alilala usingizi mzito, wa kwanza baada ya miezi mingi, funguo zikiwa chini ya mto. Saa kumi simu ikamwamsha. Alikuwa Mustapha, mwanawe wa pekee, akipiga kutoka Mwanza, na hata kabla hajaongea alikuwa anacheka.

"Shikamoo mama. Ile gari uliyokuwa unailalamikia kila siku nimeiuza, kuna mtu wa Moshi kainunua bila hata kuiona. Nimeongezea kidogo, nimechukua pikipiki, mama, zile kubwa za mashindano. Nimeijaribu leo asubuhi. Kumbe ile gari ilikuwa inatambaa tu."