Kinasa Sauti cha Posa

Siku hizi neno ambalo halijarekodiwa halihesabiki kuwa limesemwa. Ndiyo maana nilimpeleka shangazi Mwanakheri dukani kuchagua kinasa sauti kabla posa yangu haijaletwa. Haoni, kwa hiyo alivipapasa vyote, akavikataa vile vya kugusa kioo, akachukua kimoja chenye vitufe vilivyoinuka na kinachotamka kila unapobonyeza.

Wageni walipofika, mjomba wa Mbaraka, mchumba wangu, alimwaga ahadi. "Huyu binti ataendelea na cherehani yake! Hata ya pili tutamnunulia!"

Shangazi akabonyeza.

"Ninarekodi," kinasa kikasema.

Mjomba akakohoa. "Karibuni chai, jamani."

"Chai ni yetu, baba," shangazi akamjibu. "Tuambie ya cherehani."

Mjomba akakoroga chai yake. Shangazi akabonyeza tena.

"Nimezima," kikasema.

"Cherehani tatu!" mjomba akapaza sauti, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mimi sikucheka. Niliomba Mbaraka mwenyewe apewe kinasa, aseme kama nitashona nikiwa kwake. Alikishika kwa mikono miwili kama bakuli la uji wa moto.

"Ninarekodi," kikamkumbusha shangazi alipobonyeza.

Alinitazama, akatazama kitufe. Mwishowe akakirudisha kwa shangazi, naye akabonyeza.

"Dakika mbili zimehifadhiwa," kinasa kikatangaza.

Wageni wameondoka, wanasubiri jibu letu. Nimeshazisikiliza dakika zile mara nne: kijiko kwenye kikombe, halafu pumzi zake. Nampenda, kwa hiyo narudia tena mpaka mwisho, huenda kuna mahali amesema.