Pembe za Shamba

Walimleta Kunigunda kanisani akiwa bado na kikapu mkononi, vidole vikinata kwa maji ya kahawa mbivu. Nyuma yake vijana wawili walishika fimbo. Mmoja wao alikuwa mlinzi wa shamba la katekista Florian.

"Nimemkuta kwenye mibuni ya pembeni, Padre," alisema mlinzi. "Anachuma taratibu, utadhani yuko kwake. Na mbwa hakubweka! Mbwa yule humbwekea hata mjumbe."

Watu wakanong'onezana. Mbwa kunyamaza vile si bure, walisema, kuna dawa.

Padre Leopold alikuwa na wiki moja tu tangu ahamie milimani akitokea Mbamba Bay, kando ya ziwa. Mambo ya samaki aliyajua. Ya kahawa ndiyo kwanza alikuwa anajifunza: kwamba tangu serikali iruhusu wanunuzi binafsi, magari yao yalipanda milima hii ya Umatengo hadi milangoni mwa watu, na aliyeleta gunia hakuulizwa amelitoa wapi. Wizi ukazidi. Mwizi wa kahawa akikamatwa alichapwa hadharani, kisha akafukuzwa kijijini yeye na wanawe. Na Kunigunda, mjane, alikuwa na watoto watatu. Mdogo hata shule hajaanza.

Padre alichungulia kikapuni. Kahawa yote ilikuwa nyekundu, hakuna hata punje ya kijani. Wezi aliosimuliwa habari zao walikwangua tawi zima, na majani yake.

"Mama, kwa nini uliingia shamba la mtu?"

"Sikuingia shamba la mtu, Padre."

Vijana waliangua kicheko. "Mnamsikia lakini?"

"Yupo wa kumsemea?" Padre aliuliza.

Wanaume walitazama chini. Wanawake walijitanda khanga upya. Mzee mmoja kwenye benchi la nyuma alifungua kinywa, akakutana na macho ya Florian, akakifunga.

Ndipo Florian mwenyewe aliposimama. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi. Mabati mapya yaliyong'aa juu ya vichwa vyao yalikuwa zawadi yake kwa kanisa, baada ya mavuno ya msimu uliopita.

"Padre, naomba niseme. Mungu aliwaagiza Waisraeli kwa kinywa cha Musa: mnapovuna, msimalize hadi pembe za shamba, na kilichobaki nyuma msikirudie. Hicho ni cha mgeni, cha yatima, cha mjane. Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wetu sheria hiyo. Leo nitaivunjaje? Mwacheni mama huyu. Tangu sasa, mibuni ya pembeni na achume yeye. Ila asivuke kuingia katikati."

Vigelegele vilipasua kanisa. Mlinzi aliitupa fimbo yake mlangoni, uso umemshuka. Kule ziwani Padre Leopold alikuwa amehubiri huruma miaka na miaka. Hakuwahi kuiona ikisimama mbele yake namna hii.

"Mama Kunigunda," alisema, "haki ingekufukuza leo. Huruma imekubakiza. Mshukuru mwalimu Florian, halafu tusali, kila mtu arudi kwake kwa amani."

Kunigunda alikiweka kikapu sakafuni. Alisogea mbele polepole, watu wakimpisha, akapiga goti mbele ya Florian, akapiga makofi mawili ya heshima.

"Asante, shemeji," alisema. "Mimi na marehemu kaka yako tulipolipanda shamba lile, na wewe tulikuachia pembe hizo hizo uchume."