Choo cha Vyumba Vitano

Fundi cherehani aliitua ndoo kwa kishindo mlangoni kwa Mlinzi, maji yakamrukia viatuni.

"Kaka, kile choo chetu unakitumia au unakitembelea?"

Mlinzi alikuwa anafunga mkanda aende lindo. Akamtazama kwa macho mekundu. "Dada yangu, usinianze. Nimechoka."

"Umechoka na mchana kutwa umelala? Brashi uliishika lini?"

Mlinzi akacheka cheko kavu, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Jioni hiyo hiyo fundi akampigia simu mwenye nyumba.

"Mama, choo ni cha wapangaji wote, ila mgongo unaouma ni wangu. Alfajiri nakiosha ndipo niende kazini. Nikirudi jioni utadhani wamepita ng'ombe. Sasa chagua, Mlinzi au mimi."

"Na Mama Pacha je?"

"Huyo? Hata ufagio wa chumbani kwake haumjui."

Mwenye nyumba akaguna. Hataki kumpoteza fundi. "Basi kesho mchana nakuja, nimwambie Mlinzi atafute chumba kwingine."

Kulipokucha, mgongo wa fundi ukagoma kabisa. Hakuosha choo, wala kazini hakwenda. Akalala ubavu, uso kaelekeza ukutani. Choo kiko ng'ambo ya ukuta huo, na ukuta wenyewe mwembamba.

Jua lilipopanda akasikia maji yanamwagwa, kisha brashi inakwaruza sakafu.

"Wachafuzi wao, msuguaji mimi," Mama Pacha alikuwa ananung'unika. "Kila siku ya Mungu!"

Fundi akainua kichwa kwenye mto. Akakirudisha taratibu.

Watu wakaingia, wakatoka. Mlango wa choo ukagongwagongwa asubuhi nzima.

Mchana Mlinzi akaamka. Miayo yake ikapita ukumbini, ikaishia chooni. Ndoo ikaburutwa. Brashi ikaanza tena, polepole, kama inashikwa na mtu aliye nusu usingizini.

Fundi akajaribu kuinuka. Mgongo ukamrudisha kitandani.

Lango la uani likalia. Kandambili za mwenye nyumba zikaja moja kwa moja hadi mlangoni mwa choo.

"Baba, weka chini hiyo brashi. Nina neno na wewe."

"Subiri nimalize, mama," Mlinzi akajibu. "Nikiacha mimi, humu ndani nani mwingine atakiosha?"