Mahindi Yaliyokosa Kiwavi

Mbuke alipowaona wanaume wawili wamesimama katikati ya mahindi yake, wakifunua jani moja moja kumtafuta kiwavi na kumkosa, alijua jela imemfuata mpaka nyumbani.

Akajifunga kanga vizuri, akatoka jikoni akipangusa macho. Moshi wa mavi ya ng'ombe haumwonei mzee huruma.

Kuanzia kisimani hadi barabara ya Runzewe, mahindi ya watu yalikuwa yamebaki mifupa. Viwavi jeshi walikula majani, wakala mabua, wangepewa chumvi wangekula na udongo. Kishamba cha Mbuke peke yake, nyuma ya nyumba, kilisimama kijani, kimenona, hakina hata tundu la kupitisha sindano.

Sababu aliijua. Aliiba.

Msimu uliopita alikuwa kibarua wa palizi kwenye shamba la majaribio, lile lenye uzio mara mbili na askari getini. Msimamizi, Amosi, aliwaeleza vibarua kwamba mahindi yale yamepandikizwa kinasaba cha kijidudu cha udongoni, kwa hiyo mmea wenyewe hutengeneza protini. Kiwavi akitafuna tu, utumbo unatoboka.

"Kwa hiyo yamechanjwa, kama ndama?" Mbuke aliuliza.

"Ni kama hivyo, bibi. Mtu akila hayamdhuru. Lakini ukikutwa na punje moja nje ya uzio huu, ni jela. Sikutanii."

Mbuke hakubisha. Kilichomshinda kumeza ni siku ya mavuno, walipoambiwa mahindi yote yatupwe shimoni, yamwagiwe mafuta ya taa, yateketezwe. Yalivyo mazuri vile! Msukuma aliyewahi kuiona njaa hateketezi chakula. Akachomeka mahindi mawili kifuani, mahali ambapo tangu awe mjane hakuna mwanamume aliyeona haja ya kupapekua, na yule askari wa getini hakutaka kuwa wa kwanza.

"Shikamoo, bibi," alisema mkubwa wa wale wageni, mwenye koti na kalamu mfukoni.

"Marahaba, baba. Karibuni. Mmepotea njia?"

"Hatukupotea. Tumetumwa kuangalia haya mahindi."

Hakuwa mtu wa pale kijijini. Mbuke aliiona ile kalamu kama pingu. Akawapa vigoda, huku akijikumbusha neno moja tu: kataa.

"Mbegu hii umeitoa wapi?"

"Ya kienyeji hiyo. Marehemu mume wangu aliitundika juu ya moshi, nami naitundika. Ile ile ya kila mtu."

"Na dawa? Umepiga ya aina gani?"

"Dawa kwa hela ipi, baba? Hata majivu sijanyunyiza."

Mwenye koti akatikisa kichwa taratibu. Kalamu yake haikutoka mfukoni. Kijana aliyefuatana naye wala hakuyaangalia mahindi tena. Alikuwa akimtazama Mbuke usoni.

"Macho yako, bibi. Mekundu hivi tangu lini?"

Mbuke akashtuka. Kumbe protini ile inaharibu macho? Kumbe ndiyo maana waliyachoma?

"Tangu nianze kupika, mjukuu wangu. Muulize moshi."

"Na yule mtoto wa Mama Mageni, jirani yako," alidakia mwenye koti. "Yule aliyezikwa juzi. Alikuwa akila hapa kwako?"

Mtoto alikufa kwa homa. Mbuke mwenyewe alichota maji ya msiba. Lakini kabla ya kuugua alipita hapa, akapewa hindi la kuchoma, akaliguguna mpaka likabaki gunzi. Amosi alisema hayadhuru mtu. Lakini Amosi alikuwa akilipwa. Angesema nini kingine?

"Hajawahi kukanyaga hapa," alisema Mbuke.

"Watu walimwona akitoka."

"Basi walimwona vibaya."

Mwenye koti akayaonyesha mahindi kwa kidevu.

"Viwavi wamekula kijiji kizima," akasema, "wakaliruka shamba lako tu. Wewe mwenyewe unadhani ni kwa nini?"

Tangu usichana wake, Mbuke alipobanwa alitokea mlango wa kicheko, na mlango huo haukuwahi kumgomea.

"Labda wananiogopa," akasema, akacheka. "Labda wananijua mimi ni nani."

Kijana hakucheka. Mwenye koti akasimama, akajikung'uta vumbi, akaenda hadi kwenye ua wa minyaa. Ndipo Mbuke alipoona kwamba upande wa pili amesimama Mama Mageni, kitambaa cha msiba bado kichwani, na nyuma yake wanaume wa kijiji, wote wa yale mashamba yaliyoliwa.

"Mmesikia kwa masikio yenu," mwenye koti aliwaambia. "Si mbegu, si dawa, si majivu. Mganga wenu hakuwadanganya alipomtaja huyu bibi. Sasa nendeni majumbani kwenu. Hamkuona kitu."

Wakaondoka mmoja mmoja. Mama Mageni akawa wa mwisho.

Kijana akamshika Mbuke mkono kwa adabu, kama anayemvusha barabara, akaanza kumrudisha ndani.

"Niliiba!" Mbuke akapiga yowe. "Mama Mageni, niliiba mbegu shamba la majaribio! Nipelekeni polisi, jamani! Nifungeni!"